Tutafuteje Kazi: kwa Mtandao au kwa Kujuana?

Ukipita Industrial Area, Nairobi, kabla jua halijatoka vizuri, utawakuta wanaume na wanawake wamesimama kwenye malango ya viwanda. Wengi wametembea kwa miguu kutoka Mukuru. Msimamizi akitoka, anaonyesha kidole: wewe, wewe, na yule wa nyuma. Wale wengine wanabaki wakitazamana. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Bwana wetu alisimulia habari za watu kama hao. Walikuwa wamesimama sokoni mpaka jioni, na walipoulizwa sababu, jibu lao lilikuwa fupi tu: hakuna aliyewaandika kazi.

Siku hizi kuna lango jingine ambalo halionekani kwa macho. Kijana amekaa kitandani na simu, bando linaisha, anabonyeza hapa na pale, anatuma wasifu wake kwa kampuni ya kumi, ya hamsini, ya mia. Hakuna msimamizi wa kuonyesha kidole. Hakuna hata wa kumwambia "rudi kesho." Ni kimya tu.

Katika mikutano ya jumuiya zetu ndogo ndogo tumesikia mabishano juu ya jambo hili. Wazazi wanasema, "Huyu mtoto anashinda na simu mchana kutwa, kazi itamfuata kitandani? Sisi tulisaga lami mpaka viatu vikaisha." Vijana nao wanajibu, "Mama, siku hizi ukienda langoni, askari anakuambia utume maombi kwa mtandao. Na kazi zenyewe ni za kujuana, sisi hatujui mtu." Kamati yetu ya maendeleo ilikaa ikalizungumza, na tumeona kwamba wote wawili wana ukweli kiasi. Basi katika toleo hili tueleze njia hizi mbili: zinavyofanya kazi, zinapokosea, na namna ya kuzitumia pamoja bila kupoteza pesa wala dhamiri.

KAZI ZENYEWE ZIKO WAPI?

Kabla ya kutafuta kitu, ni vizuri kujua kilipo. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilihesabu ajira mpya zilizopatikana nchini mwaka 2023, ukiacha kilimo kidogo cha nyumbani. Zilikuwa karibu 848,000. Kati ya hizo, karibu 721,000 zilikuwa za jua kali: karakana, vibanda, mjengo, hoteli ndogo, ushonaji, usafiri na biashara za namna hiyo. Hiyo ni asilimia 85.

Hebu tufikiri juu ya namba hiyo. Fundi wa magari anayehitaji msaidizi haweki tangazo kwenye mtandao. Mama mwenye hoteli ya kando ya barabara akitaka mtu wa kupika chapati, hamwambii mtu aandike barua ya maombi. Wanauliza watu. Kwa hiyo kijana anayetafuta kazi kwa simu peke yake anatafuta katika sehemu ndogo ya shamba, na sehemu hiyo ndiyo yenye watu wengi kuliko zote.

Lakini tusikimbilie kuidharau simu. Hiyo sehemu ndogo ndiyo yenye kazi nyingi za mshahara wa mwezi, za mkataba na za bima. Na nyingine huwezi kuzipata kwa njia nyingine ya halali.

UBAO WA KAZI WA MTANDAONI UNAFANYAJE?

Zamani kampuni ilibandika karatasi langoni au ilitangaza gazetini. Siku hizi kuna tovuti zilizowekwa kwa kazi hiyo tu, kama BrighterMonday na Fuzu hapa kwetu, na LinkedIn ya kimataifa. Mwajiri anaweka tangazo, wewe unajiandikisha, unaweka wasifu wako, na tangazo linalofanana na ujuzi wako linaletwa kwenye simu. Serikali nayo inafanya hivyo. Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za utumishi za kaunti hutangaza nafasi zao katika tovuti, na nyingi zinapokea maombi huko huko.

Faida zake ni hizi:

Kwanza, mtandao haujali unakaa wapi. Nafasi iliyotangazwa Nairobi asubuhi inasomwa saa ile ile Lodwar, Kilifi na Busia. Zamani gazeti lilifika kwetu limeshafungiwa sukari.

Pili, hauulizi baba yako ni nani. Yule asiye na mjomba ofisini anasoma tangazo lile lile analosoma mtoto wa mkubwa.

Tatu, mtandao ni mwalimu. Faida hii wengi hawaijui. Chukua kazi moja unayoitaka, kwa mfano karani wa hesabu. Soma matangazo 20 ya kazi hiyo, hata kama huombi. Andika kila ujuzi wanaoutaja. Ukiona 14 kati ya 20 wanataka programu fulani ya hesabu ambayo huijui, umeshapata jibu la kwa nini hawakuiti. Hapo afadhali utumie mwezi mmoja kujifunza programu hiyo kuliko kutuma maombi mengine 100.

Na udhaifu wake ni huu:

Kilicho rahisi kwako ni rahisi kwa kila mtu. Kama wewe unaomba kazi kwa kubonyeza mara mbili, na wenzako vivyo hivyo, mwajiri anayetaka mtu mmoja anaweza kupata maombi ya mamia. Hawezi kuyasoma yote. Kampuni kubwa hutumia programu ya kuchuja, yaani mashine inayotafuta maneno fulani katika wasifu na kuweka kando yasiyokuwa nayo. Kama tangazo lilisema "kutunza stoo" na wewe ukaandika tu "nilifanya kazi ghalani," mashine inaweza kukupita ingawa ni kitu kile kile. Kwa hiyo tumia maneno ya tangazo lenyewe, mradi ni kweli kwako.

Tena mtandao unakuonyesha kama karatasi tu. Hauwezi kusema kwamba huyu dada hachelewi, kwamba huyu kijana akipewa funguo hapotezi, kwamba huyu akikosea hukiri. Mambo hayo ndiyo mwajiri anayataka kuliko yote, na hakuna cheti chake.

KWA NINI WAAJIRI WANAULIZA WATU?

Watu wengi wanafikiri kujuana maana yake ni upendeleo. Mara nyingine ndivyo ilivyo, na tutafika huko. Lakini hebu kwanza tujiweke mahali pa mwajiri.

Tuseme wewe una hoteli ndogo mjini, na mpishi wako mmoja ameondoka. Mpishi mpya atashika unga, mafuta na nyama, na siku nyingine atashika pesa za mauzo. Ukimchukua mgeni akawa mwizi au mlevi, hasara ni yako. Basi unafanya nini? Unamwendea yule mpishi aliyebaki, unamwambia, "Bwana, unajua mtu?" Yeye hatakuletea mtu yeyote tu, kwa sababu akikuletea mbaya, jina lake pia litaharibika. Amekuwa kama mdhamini. Hiyo ndiyo siri ya kujuana. Mwajiri ana hofu, na neno la mtu anayemwamini linaipunguza.

Sasa swali: mtu gani anayeweza kukusemea? Wengi tunajibu, "Ndugu yangu wa damu." Wataalamu wamechunguza jambo hili na walichokiona ni tofauti kidogo.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa makala iliyojulikana sana. Alikuwa amewauliza watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao mpya. Aliwachukua wale waliosaidiwa na mtu waliyemjua, akawauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Karibu 17 tu kati ya 100 walisema walionana naye mara kwa mara. Wengine wote walisema ni mtu waliyeonana naye mara moja moja, au kwa nadra sana: mwenzake wa kazi ya zamani, mtu aliyesoma naye, mtu aliyekutana naye kwa bahati.

Sababu yake ukiifikiria ni rahisi. Ndugu yako na rafiki yako wa karibu wanakaa mnapokaa, wanasikia mnayosikia. Kama wewe hujasikia kazi, labda na wao hawajasikia. Lakini yule uliyesoma naye aliyehamia Nakuru, yule msimamizi wa mahali ulipofanya atachimenti, yule mama unayemnunulia mitumba Gikomba, wanaishi kati ya watu usiowajua na wanasikia habari zisizofika kwenu.

Mwaka 2022 watafiti wengine walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, uliofanywa kwa muda wa miaka 5. Waliona kwamba waliosaidia zaidi ni watu wa kujuana kwa kiasi, si wale wa karibu kabisa wala wale ambao hamna uhusiano wowote. Na wakaona jambo jingine la maana kwetu. Katika kazi zinazotumia sana kompyuta, watu wa mbali kidogo ndio waliosaidia zaidi. Katika kazi zisizotumia sana kompyuta, watu wa karibu walisaidia zaidi.

Tukilinganisha na hapa kwetu tunaona ukweli wake. Fundi wa mjengo humchukua mtu anayemjua vizuri, kwa sababu watapanda juu ya jukwaa pamoja. Lakini anayetafuta kazi ya uhasibu au ya kompyuta asikae akimngoja binamu tu. Awatafute wale wa mbali kidogo.

KUSEMEWA NA KUPENDELEWA

Sasa tufike kwenye kidonda. Mzee mmoja katika jumuiya alituuliza, "Mnawafundisha vijana wetu ukabila na rushwa?" Ni swali la haki. Nchi yetu imeumia kwa sababu ya "mtu wetu," na msemo wa mkono mtupu haulambwi umewanyima kazi watoto wengi wa maskini waliostahili.

Sheria ziko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inasema uajiri katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahili. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza afisa kupendelea jamaa zake. Sheria ya Rushwa ya 2016 inamhesabia kosa anayepokea hongo, na pia anayetoa. Kwa hiyo mzazi anayeuza ng'ombe "ili mtoto aingie" anavunja sheria, na akitapeliwa anaona haya hata kwenda polisi. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri, hata wa kampuni ya binafsi, kumbagua anayetafuta kazi kwa ajili ya kabila, dini, jinsia au ulemavu.

Sisi tunatofautisha hivi. Kusemewa ni mtu anayekujua kueleza ukweli juu yako kwa anayetaka kuujua: "Huyu alifanya kazi kwangu miezi 8, anajua kushona sare, hachelewi." Kupendelewa ni kupewa nafasi usiyoiweza, au iliyomstahili mwingine, kwa sababu ya damu, kabila au bahasha.

Kama huna hakika, jiulize maswali matatu. Je, kilichosemwa ni kweli? Je, kingeweza kusemwa mbele ya waombaji wengine wote bila aibu? Je, kuna kitu chochote kimepita mkononi? Jibu la swali la kwanza au la pili likiwa "hapana," au la tatu likiwa "ndiyo," achana na jambo hilo.

Na kwa kazi za serikali, shika hili: matangazo mengi husema kwamba mtu atakayetafuta kuombewa kwa wakubwa ataondolewa. Hapo watu wakusaidie kupata tangazo, kujaza fomu vizuri na kujiandaa kwa mahojiano. Wasiende kuzungumza na wale wanaochagua. Vivyo hivyo, mtu akimwambia dada yeyote kwamba kazi ipo lakini kwanza wakutane usiku au chumbani, huo si msaada. Sheria ya Ajira inakataza kumsumbua mtu kimapenzi kazini. Aondoke, na amwambie mtu anayemwamini siku hiyo hiyo.

TUFANYE NINI BASI?

Tunavyoona sisi, mtandao unakusaidia kujua kwamba kazi ipo. Watu wanamsaidia mwajiri kujua kwamba wewe upo. Ukitumia mmoja tu, umejenga nusu ya daraja. Tunashauri hatua hizi.

1. Gawa wiki yako. Siku mbili, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, ziwe za mtandao, saa mbili au tatu kila siku, kisha zima. Siku tatu ziwe za watu. Kubonyeza simu kutwa kunachosha kama kulima, lakini mavuno yake ni machache.

2. Omba kazi chache, lakini omba vizuri. Maombi 5 kwa wiki yaliyoandikwa kwa kufuata tangazo ni bora kuliko 50 ya kunakili. Wasifu usizidi kurasa mbili. Namba ya simu iwe ile inayowaka.

3. Andika orodha ya watu 30. Usiseme huna watu. Anza na walimu wako, mliosoma pamoja, mlioimba kwaya pamoja, majirani wa plot mliyohama, msimamizi wa atachimenti, wateja wa mama yako, dereva wa matatu unayempanda kila siku. Karibu na kila jina andika anafanya kazi wapi au anajuana na nani.

4. Omba habari kabla ya kuomba kazi. Hapa wengi wanakosea. Ukimwambia mtu, "Nitafutie kazi," umemtwika mzigo. Hana kazi ya kukupa, anaona haya, kesho akikuona anabadilisha njia. Lakini ukimwomba akueleze jambo analolijua, anafurahi. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari ya asubuhi, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa darasa la umeme la mwaka 2021. Nilipata cheti, na kwa miezi 6 nimekuwa nikimsaidia fundi kuweka nyaya katika nyumba za kupanga. Siombi unipe kazi. Naomba dakika 10 unieleze ni kampuni zipi hapa mjini huchukua mafundi wapya, na wanataka nini. Nikupigie jioni gani?"

Angalia mambo yaliyomo: nani, ujuzi gani, kazi gani ya kweli aliyofanya, na ombi dogo. Baada ya mazungumzo uliza jambo moja la mwisho: "Kuna mtu mwingine unayefikiri nizungumze naye?" Kwa njia hiyo watu 30 wanakuwa 50.

5. Unganisha njia mbili. Ukiona tangazo la kampuni ya binafsi, usibonyeze mara moja. Tazama orodha yako: nani anajua mtu pale? Mpigie, uliza kazi hiyo ikoje na wanataka mtu wa namna gani. Kisha tuma maombi kwa njia waliyosema, ndani ya siku zilizowekwa. Ukikuta mtu anayejua kazi yako, mwombe ruhusa ya kumwandika kama mdhamini katika wasifu.

6. Chagua wadhamini wanaokujua kazini. Vijana wengi wanakuja kwa padre kutaka barua. Padre ataandika kwamba unakuja Misa na tabia yako ni njema, na hiyo ni sawa. Lakini hajui kama ukuta unaoupiga plasta unanyooka. Fundi aliyekuona ukifanya kazi anajua. Kama hujawahi kuajiriwa, jitolee mahali: tunza hesabu za chama, saidia kupikia harusi, rekebisha madawati ya shule. Watu wakuone ukifanya kazi, kwa sababu mtu husemea alichokiona.

7. Weka daftari. Tarehe, mahali, niliongea na nani, alisema nini, nirudi lini. Na ukisaidiwa, rudi ushukuru, hata kama kazi hukupata. Anayeshukuru hukumbukwa.

JIHADHARINI NA MATAPELI

Penye njaa hapakosi fisi. Matapeli wa kazi wako kwenye mtandao na wako hata kati ya watu tunaowajua, mara nyingine hata wanaotumia jina la kanisa. Dalili zao ni hizi:

- Wanataka pesa kwanza, kwa M-Pesa, kwenda kwa namba ya mtu binafsi: "ya usajili," "ya mafunzo," "ya kupimwa afya," "ya sare." Kiasi huwa kidogo, ili usiogope. Lakini ukikusanya kidogo kutoka kwa watu 500, ni pesa nyingi.
- Wanakuajiri bila kukuona wala kukuuliza swali.
- Tangazo limetumwa tu kwa WhatsApp, na ukienda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe halipo. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.ke. Soma herufi zote, kwa sababu matapeli hubadilisha moja.
- Wanataka namba yako ya siri ya M-Pesa. Hiyo usimpe mtu yeyote.

Kwa kazi za nje, kama Saudia au Qatar, uwe mwangalifu mara mbili. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, huweka katika tovuti yake orodha ya mawakala waliosajiliwa. Kabla ya kumpa wakala pasipoti, tafuta jina lake huko. Kama huwezi kutumia mtandao, mwombe kijana wa jumuiya akusaidie. Na mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, mbele ya mtu anayeelewa lugha yake.

Jambo jingine la kuokoa pesa: Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Inasema mwajiri asidai vyeti vya uthibitisho kutoka ofisi mbalimbali isipokuwa ana nia ya kumwajiri mtu kwa mkataba wa maandishi. Kwa hiyo usikope pesa kulipia vyeti hivyo kabla hujaitwa.

NA YULE ASIYE NA MTU?

Tumesema mengi juu ya kujuana, lakini kuna jambo linalotusumbua. Njia hii inampa zaidi yule ambaye tayari anajuana na watu. Mtoto wa mwalimu ana orodha ya watu 30 bila kufikiri. Lakini yule yatima aliyelelewa na nyanya, yule msichana aliyekuja juzi kutoka kijijini, yule kijana aliyetoka gerezani, atamwandika nani? Mtandao hauulizi ukoo wake, lakini hana simu nzuri wala bando. Amefungiwa malango yote mawili.

Hapa ndipo kanisa linapaswa kuamka. Jumapili moja tu, katika viti vile vile, wanakaa mwenye karakana, mwalimu mkuu, muuguzi, mama mwenye kibanda, dereva wa lori na yule kijana asiye na mtu. Wanapeana mkono wa amani, wanakwenda zao. Wanaonana kila wiki na hawajui kila mmoja anafanya nini. Ni wale wale watu wa kujuana kwa kiasi ambao wataalamu wanawasema. Tunao tayari, hatuwatumii.

Kamati inapendekeza mambo manne yasiyohitaji mfadhili:

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari la ujuzi: nani anatafuta kazi, anajua nini, nani amemwona akifanya. Katibu alitunze, na mtu aandikwe kwa ridhaa yake.

Pili, kuwe na ubao mmoja nje ya kanisa wa nafasi za kazi, na kila tangazo lihakikishwe na kamati kabla ya kubandikwa. Matangazo mazuri ya mtandaoni nayo yachapishwe na kubandikwa hapo, ili hata asiye na simu asome.

Tatu, wale wenye ajira, hata ya mtu mmoja wa shamba au wa nyumbani, waulize kwanza katika daftari hilo. Wachague anayeiweza kazi, wasiangalie kabila. Nao walipe mshahara wa haki, kwa sababu mshahara wa mfanyakazi ukizuiwa, kilio chake kinafika mbali.

Nne, Jumamosi moja kwa mwezi vijana wanaojua kompyuta wawasaidie wengine kuandika wasifu na kufungua akaunti katika tovuti za kazi, bila malipo.

Tuikumbuke tena ile habari ya shamba la mizabibu. Mwenye shamba hakukaa nyumbani akingoja maombi. Alitoka asubuhi, akatoka saa tatu, akatoka adhuhuri, akatoka saa tisa, akatoka tena saa kumi na moja jioni, akawaendea waliosimama. Wale wa mwisho hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaona. Sisi tukiwaona wa kwetu, hata mmoja kwa kila jumuiya, mwaka huu utakuwa tofauti na uliopita.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Kila mtu aseme: kazi au biashara uliyonayo, ulisikia habari zake kutoka kwa nani? Alikuwa ndugu, rafiki wa karibu, au mtu wa mbali kidogo?
2. Ni nani katika jumuiya yetu anatafuta kazi, na sisi hatujui anaweza kufanya nini?
3. Je, kuna mmoja wetu aliyetapeliwa kwa ajili ya kazi? Tunaweza kumsaidiaje bila kumcheka?
4. Sisi tunaoajiri, je, tumewahi kumnyima mtu kazi kwa sababu ya kabila lake au kwa sababu hakutoa kitu? Tufanye nini sasa?
5. Nani ataanza daftari la ujuzi, na lini?

Mkishajadiliana, mtuandikie mliyoamua, ili jumuiya nyingine zijifunze kwenu. Mungu awabariki, na awape kazi ya mikono yenu.